Format All

Simu ikikwama kwa nembo haifi kimya. Inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inawaka tena, inaonyesha jina la kampuni. Inaendelea hivyo mpaka betri ichoke. Mwenye simu naye huwa amekwama. Anaiweka mbele yako kwa mikono miwili kama mtu aliyeleta mtoto kliniki, na swali lake la kwanza si bei. Anauliza, "Vitu vyangu vitapotea?"

Kwa karibu miaka miwili kazi yangu ilikuwa kujibu swali hilo, orofa ya pili ya jengo moja pale Luthuli Avenue. Mara moja nililijibu kwa uongo. Ndiyo maana naandika.

Nilifika Luthuli kwa sababu niliacha chuo. Nikisema hivyo watu huuliza kama ni karo, na mimi hujibu ndiyo, kwa sababu karo ni jibu ambalo halina maswali mengine nyuma yake. Ukweli ni kwamba karo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimeacha kuingia darasani kabla karo haijaisha. Nilikuwa mwaka wa tatu. Kuna asubuhi niliamka nikajua siendi, na kesho yake nikajua tena, na baada ya wiki sita haikuwa uamuzi tena, ilikuwa maisha. Sikumwambia Baba. Baba yuko Voi, amestaafu kutoka shamba la mkonge, na kila Jumapili jioni hunifleshi. Simu inalia mara moja, inakatika, nami nampigia. Anauliza, "Mwanangu, masomo yaendeleaje?" Nasema, "Yanaendelea vizuri, Baba." Anasema, "Haya. Mungu akuongoze."

Wakati huo nilikuwa nimehamia Kayole, chumba kimoja, na jirani yangu akanipeleka kwa binamu yake aliyekuwa na kibanda Luthuli. Barabara ile imepewa jina la Albert Luthuli, kiongozi wa Afrika Kusini aliyeshinda tuzo ya amani ya Nobel. Hiyo ya amani huwezi kuiamini ukiwa pale saa sita mchana, spika za kila duka zikishindana. Kibanda chenyewe kilikuwa kaunta moja ya kioo, viti viwili, taa ya meza, na kompyuta nzee ambayo feni yake ilipiga kelele kama posho mill. Binamu huyo tulimwita Mdosi. Hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama najua kusoma maagizo mpaka mwisho. Nikasema najua. Akacheka, akasema, "Wote husema hivyo."

Kufleshi simu kwenye kompyuta si uchawi, ingawa wateja wengi wanatamani iwe. Kila simu ya Android ina programu yake ya msingi, famwea, iliyoandikwa kwenye memori ya ndani. Hiyo ndiyo inayoamsha skrini, kamera, mtandao, kila kitu. Ikivurugika, pengine betri iliisha katikati ya apdeti, simu inabaki mwili bila akili. Kufleshi ni kuiandika famwea hiyo upya kutoka kwenye kompyuta kupitia kebo ya USB. Simu za Samsung zina programu ya kompyuta iitwayo Odin. Simu zenye chipu za MediaTek, ambazo ndizo nyingi kati ya zile za bei nafuu zilizotufikia, zinatumia SP Flash Tool. Hiyo ndiyo niliyoijua kuliko nilivyowahi kujua somo lolote la chuo.

Unaanza na draiva. Bila draiva kompyuta haioni simu. Ni kama umechomeka kijiko. Halafu unatafuta famwea ya modeli ile ile, toleo lile lile, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, maana kuna simu mbili zenye jina moja nyuma na bodi tofauti ndani. Katika folda ya famwea kuna faili dogo la maandishi liitwalo scatter. Hilo ni ramani. Linaiambia kompyuta memori ya simu imegawanywa vyumba gani, kila chumba kinaanzia wapi na kina ukubwa gani: preloader, boot, recovery, system, userdata. Ukilifungua, vyumba hivyo vinajipanga kwenye skrini kama orodha ya wageni, kila kimoja na kisanduku chake cha tiki. Userdata ndicho chumba cha mwenye simu. Picha, meseji, namba za watu, rekodi. System inaweza kuharibika kabisa na userdata ikawa salama salimini, kama nyumba iliyoezuliwa paa lakini vyombo viko kabatini.

Juu ya orodha kuna chaguo tatu. Download Only inaandika vyumba vile tu ulivyovitia tiki. Firmware Upgrade inapanga upya nyumba nzima lakini inajaribu kuokoa vile vitu nyeti vya simu yenyewe. Ya tatu inaitwa Format All + Download. Hiyo inafagia kila kitu, kona kwa kona, kisha inaandika upya. Inafagia hata kichumba kidogo kiitwacho nvram, ambamo simu huweka IMEI yake.

Wakenya wa rika langu tunaikumbuka IMEI tangu 2012, mwishoni mwa Septemba, simu feki zilipozimwa. Mtaa mzima ulikuwa unabonyeza *#06# na kusoma tarakimu 15 kwa sauti kama namba za mtihani. Ndiyo namba ambayo mtandao unatambulia simu. Sasa, famwea unayoipakua kwenye intaneti haina IMEI yako. Haiwezi kuwa nayo. Faili ni moja kwa maelfu ya simu. IMEI ni ya simu moja. Ukifagia nvram bila kuhifadhi nakala, simu itawaka vizuri sana, itang'aa kama mpya, na haitajua inaitwa nani. Utaweka laini na mtandao hautaipokea.

Mdosi alikuwa na sheria zake. Soma modeli na toleo kwenye simu yenyewe au kwenye kibandiko chini ya betri, usiambiwe na mwenye simu. Muulize mteja kuna nini ndani kabla hujagusa kebo. Asiyejua akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu yake mwenyewe, mwambie kwa heshima aje na risiti au boksi, kwa sababu simu ya wizi ikifutwa huuliza akaunti ile ya zamani, na sisi si mlango wa nyuma wa wezi. Picha za watu haziangaliwi. Na Format All haibonyezwi yeye akiwa hayupo.

Siku hiyo alikuwa hayupo.

Mama mmoja alikuja mchana, mtu wa miaka hamsini hivi, kanga kiunoni, vumbi la soko miguuni. Aliuza nguo za watoto Gikomba. Simu yake ilikuwa imekwama tangu juzi. Aliuliza kwanza, "Kijana, pesa yangu ya M-Pesa haitapotea?" Nikamweleza, kwa madaha kidogo, kwamba pesa haiko ndani ya simu, iko kwa mtandao, simu ni dirisha tu. Alifurahi. Aliniita daktari. Kisha akasema, "Na madeni yangu je?"

Sikuelewa. Akanieleza. Yeye hufungua mtumba na kuwapa akina mama wadogo nguo kwa mkopo, wazunguke nazo mitaani, wamlipe kidogo kidogo. Zamani aliandika kwenye daftari. Kisha soko likaungua, kama Gikomba ilivyozoea kuungua, na daftari likaungua nalo. Tangu hapo kila jioni alipiga picha ukurasa wa siku hiyo. Daftari lilikuwa karatasi tu. Simu ndiyo iliyokuwa daftari. Alisema ndani kulikuwa na watu thelathini na mmoja na pesa kama elfu sitini na nane.

"Na daftari lenyewe liko wapi?"

"Hilo la sasa lililowa mvua wiki iliyopita, nikatupa. Si niko na picha?"

Nikamwambia arudi saa kumi.

Nitaeleza nilichofanya hatua kwa hatua, kwa sababu kwa muda mrefu nilijieleza kwa ufupi, na ufupi ndio uliokuwa uongo wenyewe. Nilisoma jina la simu nyuma ya kifuniko, sikutoa betri kusoma kibandiko. Nilikuwa na famwea yenye jina hilo kwenye kompyuta tayari. Nikapakia scatter, nikatoa tiki ya userdata, nikachagua Download Only, nikachomeka simu. Mpaka hapo, ukiacha betri, nilifanya sawa. Programu ikakataa. Iliniambia kwamba mpangilio wa vyumba kwenye faili si ule ulioko kwenye simu. Huo ulikuwa msaada. Kompyuta ilikuwa inaniambia: hii ramani si ya nyumba hii, toka nje utafute ramani nyingine.

Kutafuta faili sahihi kungechukua saa moja au mbili, bando ilikuwa inaisha, na kulikuwa na wateja wengine wawili kwenye kaunta. Nilikuwa nimeshaona watu wakilimaliza tatizo hilo kwa njia moja. Ramani haifanani na nyumba? Bomoa nyumba. Nikajiambia, labda memori yake imeshaharibika hata hivyo. Sikuwa na sababu yoyote ya kuamini hivyo. Nikachagua Format All + Download.

Mstari mwekundu ulikimbia hadi mwisho. Wa manjano ukaanza polepole. Dakika nane hivi. Kisha ile alama ya kijani ya tiki ikatokea, na nilihisi ile raha ninayoihisi kila mara nikiiona. Simu iliwaka. Ikanikaribisha, ikaniuliza nachagua lugha gani. Ilikuwa safi kama siku iliyotoka dukani. Nikaweka laini, haikushika mtandao. Nikabonyeza *#06#. IMEI haikuwapo.

Mdosi alirudi saa tisa na nusu. Hakunigombeza mbele ya watu. Alitoa betri, akasoma namba kwenye kibandiko, akairudishia simu IMEI yake ile ile. Kuiwekea nyingine ni kosa kisheria, na hata isingekuwa kosa asingefanya. Mtandao ukashika. Saa kumi mama akaja.

"Imepona!" alisema. Akafungua upande wa picha. Nilimwona kidole kikisimama.

"Kijana, picha haziko."

Nikasema, "Pole, mama. Memori ilikuwa imeungua ndani. Hakuna kitu tungefanya."

Sentensi hiyo ilitoka laini, bila kukwaruza. Nilikuwa na mazoezi. Mtu ambaye kila Jumapili anasema masomo yanaendelea vizuri hahitaji kujipanga. Mama alisimama pale kidogo akiishika simu. Hakulia wala kupiga kelele. Alianza kutaja majina kwa sauti ya chini, huyu elfu mbili, huyu elfu tatu mia tano, akafika kama jina la saba akanyamaza. Kisha akafungua kitambaa chake cha pesa akanilipa shilingi 500, akasema asante.

Alipoondoka Mdosi alikuwa anapuliza vumbi kwenye bodi ya simu nyingine. Bila kuinua kichwa alisema, "Buda, memori ikiungua simu haiwaki."

Hakusema lingine. Siku nzima nilingoja aseme lingine.

Miezi ilipita. Niliendelea na kazi, nikawa makini mpaka wateja wakanichoka. Nilitoa kila betri iliyotoka. Kabla ya kuandika chochote nilisoma kwanza nvram na kuihifadhi kwenye kompyuta, kwa kutumia sehemu ya programu iitwayo Readback, ambayo badala ya kuandika kwenye simu inanakili kutoka kwayo. Ilikuwepo siku zote. Ningeweza kuitumia siku ile.

Kisha Jumapili moja Baba hakunifleshi. Jumatatu nikapigiwa kwa namba nisiyoijua, ya jirani. Ilikuwa sauti yake. "Mwanangu, simu yangu imekuwa kama mtu mwenye kifafa. Inaamka inaanguka. Nimekutumia kwa basi. Wewe ndiye mtu wa kompyuta."

Nilienda kuichukua ofisi ya vifurushi jioni. Ilikuwa imefungwa kwa gazeti, kisha kwa kipande cha leso, kisha kwa mfuko wa plastiki na raba tatu. Ndani kulikuwa na karatasi aliyoandika kwa herufi zake kubwa za mshazari: *Zimo picha ambazo sina kwingine. Usiharakishe.*

Ilikuwa simu ya zamani, Android 7, chipu ya MediaTek, betri inayotoka. Nilimwomba Mdosi funguo nikabaki kibandani usiku. Nilisoma kibandiko. Nilitafuta faili lenye toleo lile lile, herufi kwa herufi. Lilipakuka kwa saa mbili. Nikatumia Readback kunakili nvram, kisha nikanakili userdata yote, chumba kizima, hata kama simu ingekufa kabisa kitu kibaki mahali. Hiyo ilichukua muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimelala. Ndipo nikatia tiki vyumba vya mfumo, nikatoa ya userdata, nikatoa ya preloader, kwa sababu hiyo ikiharibika hata kompyuta inaweza kushindwa kuiamsha simu. Download Only. Nikaangalia mara ya pili. Nikaangalia mara ya tatu. Nikachomeka kebo.

Nyekundu. Manjano. Kijani.

Kuwaka kwa kwanza baada ya kufleshi huchelewa. Nembo inakaa dakika kadhaa na hakuna cha kufanya ila kukaa nayo. Nilikaa nayo. Kisha skrini yake ikatokea, na ile picha ya mbuyu aliyoiweka mwenyewe.

Sheria ya Mdosi ni kwamba picha za watu haziangaliwi. Lakini nilitaka kuhakikisha zimo, kwa hiyo nikafungua upande wa picha nikiwa nimekusudia kuangalia idadi tu na kufunga. Zilikuwa mia mbili na kitu. Mama, kabla hajaugua. Mbuzi. Hati za shamba, ukurasa kwa ukurasa. Na katikati ya hizo, barua juu ya kile kitambaa cha meza chenye maua, kidole gumba cha Baba kikiwa kwenye kona.

Nembo ya chuo niliijua kabla sijasoma. Iliandikwa kwa mzazi. Ilisema kwamba kwa kuwa mwanafunzi hajajisajili kwa mihula miwili mfululizo, jina lake limeondolewa kwenye orodha. Jina lilikuwa langu. Nikabonyeza kuona tarehe ya picha. Miezi kumi na moja iliyopita.

Nilihesabu Jumapili. Zilikuwa zaidi ya arobaini. Kila moja aliniuliza masomo yaendeleaje, na kila moja nilimjibu, na kila moja alisema Mungu akuongoze. Katikati ya Jumapili hizo alinitumia pesa mara mbili, elfu moja na elfu moja mia tano, na mara zote mbili alisema ni za vitabu.

Sikulala. Asubuhi nikairudisha simu kwa basi, nimeifunga vile vile alivyoifunga, leso na raba zote. Jioni simu yangu ikalia mara moja, ikakatika. Nikampigia.

"Imefika," alisema. "Inafanya kazi. Picha zimo?"

"Zimo, Baba."

"Zote?"

"Zote."

Akanyamaza. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Basi umeona."

"Nimeona, Baba."

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga usiku kucha na hakuna hata moja lililokuja. Nikasema nisamehe. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Kisha, baada ya muda, akauliza, "Kwani ilikuwa na tatizo gani, hii simu?"

Nikamweleza. Nilianza kwa ufupi, lakini akauliza swali, na swali lingine. Aliuliza kompyuta inajuaje mahali pa kuandika. Nikamweleza ramani. Aliuliza mbona picha hazikufutika. Nikamweleza vyumba. Aliniambia kwamba hata kiwandani kwao, mashine ya mkonge ikikwama, kuna vijana hukimbilia kuvunja, na kuna fundi anayekaa chini kwanza aitazame. Tuliongea dakika thelathini na mbili. Tangu niende Nairobi hatukuwahi kupita dakika nne. Nilipoweka simu chini nilitambua kwamba ilikuwa mara ya kwanza kumweleza kitu ambacho nakijua kweli.

Baadaye nilimuuliza kama aliituma simu makusudi ili nione. Alikasirika. "Simu iliharibika. Mimi nitaharibuje simu makusudi?" Bado sijui kama namwamini.

Jumatatu iliyofuata nilienda Gikomba. Nilizunguka karibu saa nzima nikiuliza mama wa nguo za watoto, na Gikomba ina mama wa nguo za watoto zaidi ya mia. Nilimpata ameketi juu ya mtumba uliofunguliwa, anapanga soksi. Alinikumbuka. "Daktari!" alisema. Ilikuwa vibaya zaidi hivyo.

Nikamwambia. Memori haikuungua. Faili halikuwa sahihi, programu ilinikataza, mimi nikafuta. Nilitaka kumaliza haraka. Halafu nikakudanganya.

Alinisikiliza bila kuacha kupanga soksi. Kisha akasema, "Kwa hivyo ulinidanganya, na mimi nikakulipa."

"Ndiyo, mama."

"Nipe mia tano yangu."

Nikampa. Akaihesabu, ingawa ilikuwa noti moja.

Katika hadithi, hapo angenikumbatia. Hakunikumbatia. Aliniambia kwamba wale akina mama, wengi wao walikuja wenyewe kulipa, bila kujua kwamba hana pa kusomea. Kumi na tisa hivi. Wengine walisikia kwamba simu imekufa wakaacha kupita njia hiyo. Mmoja alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. "Kama picha zingekuwepo," alisema, "angelipa, na mimi nisingejua yeye ni mtu wa aina gani. Sitaki kukushukuru kwa hilo." Nikasema sawa.

Kisha akatoa daftari jipya chini ya turubai, akanitupia. "Wewe si umesoma? Andika." Nikaketi kwenye mtumba, akanitajia majina na pesa, nami nikaandika mpaka saa nane. Baadaye nikamfungulia sehemu ya kuhifadhi picha kwenye mtandao, kwa akaunti yake, nikamwandikia neno la siri ukurasa wa mwisho wa daftari, halafu nikaona upuuzi wa kuliandika kwenye daftari lenye picha zinazolindwa na neno hilo, nikamwambia alikariri. Alilikariri mara moja. Mtu anayekumbuka wadeni kumi na tisa bila kuandika hashindwi na neno la siri.

Siku hizi sikai Luthuli. Naandika. Nimeandikia tovuti za sufuria, za bima, za matofali. Nimewahi kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha za vyuo, mimi ambaye sikumaliza changu, na niliacha kazi hiyo pia kwa sababu za wazi. Watu bado hunitafuta na simu zilizokwama. Na mara nyingi, wakijua historia yangu, huniambia kitu cha kunitia moyo: kwamba bado ni kijana, nifute yote nianze upya.

Naelewa wanachomaanisha. Kuanza upya ni kitu kitamu, nimeona watu wakikitabasamia kwenye kaunta, ile skrini inayokuuliza unachagua lugha gani kana kwamba huna historia. Lakini nimekaa upande ule mwingine wa kebo. Kwenye kila memori niliyowahi kufuta kulikuwa na vitu ambavyo si vya mwenye simu peke yake. Kulikuwa na madeni ya watu, na kidole gumba cha mtu kwenye kona ya barua.

Kwa hiyo ukiniletea simu, sitakuuliza kwanza ni modeli gani. Nitakuuliza kuna nini humo ambacho huna kwingine. Kisha nitatoa betri, kama inatoka.

Baba bado hunifleshi Jumapili. Simu inalia mara moja, inakatika. Haulizi tena masomo. Anauliza, "Unafanya nini sasa hivi?" nami namwambia ninachofanya.